Damu Iliyokauka Mezani

Saa nne na robo asubuhi, afisa ustawi aliirudishia kalamu yake kifuniko.

Hilo ndilo lililofuata baada ya maneno yale. Msomaji uliyekuwa nasi Jumamosi iliyopita unayakumbuka, maana ndipo tulipokata: "Mtoto si wangu. Damu imesema." Aliyeyatamka ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa maabara, ambaye mtaani kwao humwita Profesa, wengine kwa heshima, wengi kwa kejeli. Aliyekaa kiti cha pili, mkoba wake umebanwa magotini, ni mama wa mtoto huyo, mpiga pasi katika dobi ya hoteli. Waliachana mwaka juzi.

Mpiga pasi hakulia wala hakusimama. Alitazama feni iliyokuwa juu ya kabati la majalada, yenye bawa moja lililopinda, akangoja uchungu uje.

Haukuja. Vidole vyake vilikuwa vimeingia ganzi tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwa joto la pasi za mvuke. Asubuhi hiyo aligundua kwamba ganzi hupanda.

Kabla ya maneno yale, kikao kilikuwa kinakwenda. Profesa alikuwa amejieleza kwa ufasaha wa mtu aliyefanya mazoezi mbele ya kioo: yeye ni mwanafunzi, mwanafunzi hana kipato, na asiye na kipato hakamuliwi. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba tumbo la mtoto halijui likizo ya chuo.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kusoma tangazo. Alieleza kwamba masomo hupunguza kiasi cha matunzo. Wajibu wenyewe hayaufuti. Akauliza maswali machache, na ikajulikana kwamba Profesa hupokea posho ya wafadhili, tena Jumamosi hushika zamu katika duka la dawa. Basi afisa akapendekeza: sehemu ya posho iende kwa mtoto, siku ambazo vipindi vinaisha mapema, baba amchukue mtoto shuleni na kukaa naye hadi mama atoke kazini, na siku atakayopata ajira kwa cheti chake, alipe kama wanavyolipa wenye ajira. Mwaka wa tatu ndio wa mwisho. Haikuwa mbali.

Mpiga pasi alikuwa ameukubali mpango huo moyoni kabla haujaisha kusomwa. Binti yao, ambaye kila mtu humwita Nukta kwa udogo wake, alisharudishwa nyumbani na shule mara moja muhula uliopita. Mchana alikuwa akilelewa na jirani, na jirani alikuwa ameanza kuguna.

Profesa naye alikuwa ametikisa kichwa kukubali. Afisa akafungua kalamu. Ndipo Profesa akasema alichosema.

"Damu imesema nini?" afisa aliuliza sasa.

Sauti ya Profesa ilipata nguvu kwa mara ya kwanza. Alieleza kwa mikono, kama aliye mbele ya ubao. Yeye ni wa kundi AB. Mtoto ni wa kundi O. Baba wa AB humpa mtoto ama A ama B. Hana kingine cha kumpa. Mtoto wa O hawezi kutoka kwake.

"Si maneno yangu, mheshimiwa. Ni kitabu."

"Mheshimiwa yuko mahakamani, mimi ni afisa tu. Mtoto alipimiwa wapi?"

"Zahanati moja. Ya mtu binafsi."

Alisema hivyo akiitazama kalamu.

Mpiga pasi aliijua zahanati hiyo. Ilikuwa na kitanda cha futi tatu, meza ya kusomea, na bibi mmoja aliyekuwa akipiga kelele nje ya mlango kuuliza kama watu wameshaoga. Kwa Jumapili tatu mfululizo Nukta alirudi kutoka kwa baba yake akiwa na plasta kidoleni. Jumapili ya kwanza alisema ni kikombe kilichovunjika. Ya tatu alijisahau, akasema: "Baba anajifunzia kwangu. Mimi ni jasiri, napewa juisi."

Mpiga pasi alidhani ni kweli, kwamba mtu anafanya mazoezi. Hakupenda. Lakini baba anayejifunzia kwa mtoto angalau ni baba anayefika, na alikuwa amechoka kugombana. Akabandua plasta, akaosha kidole, akanyamaza.

Sasa alijua mle kidoleni kulikuwa kunatafutwa nini.

Angeweza kusema palepale. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliijua pia sheria ya chuo, kwa sababu walipokuwa bado wakiishi pamoja Profesa alimsomea kwa sauti, mwaka wa kwanza, kwa fahari: mwanafunzi hachomi sindano mtu yeyote isipokuwa mwenzake wa darasani, tena mkufunzi akiwa amesimama kando. Kulikuwa na mwenzao aliyewapima majirani kwa ujira. Alifukuzwa, na hakuna aliyemtetea.

Aliyefukuzwa hana cheti. Asiye na cheti hana ajira. Asiye na ajira hana cha kumpa Nukta, hata afisa apige mihuri kumi. Mpiga pasi aliupanga msururu huo kama anavyopanga foronya, moja juu ya nyingine, na hakuona pa kuchomoa.

"Wewe unasemaje?" afisa alimgeukia.

"Apimwe tena."

"Nani?"

"Wote. Mimi pia, mkitaka."

Profesa alicheka kidogo, puani. Alisema yeye hana wasiwasi, sayansi haina shemeji. Afisa alisimama akaokota funguo zake. Alisema kama damu imesema huko zahanati, haitashindwa kusema mbele yake. Maabara ya hospitali iko ng'ambo ya uwanja, na yeye ana muda hadi adhuhuri. Akamtaka Profesa ampigie mama yake simu, amchukue Nukta shuleni amlete.

Bibi wa Nukta alipokea simu kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Alitaka kujua nani amekufa. Alipoambiwa hakuna aliyekufa, aliuliza basi haraka ya nini.

Walipita korido ndefu yenye madawati ya wagonjwa na ndoo za kudekia. Profesa alitangulia. Alikuwa amelivaa koti lake jeupe, na wenzake wawili waliokutana naye walimtania kwamba leo amekuja na wakwe. Aliwajibu kwa utani pia. Mpiga pasi alitembea nyuma ya koti hilo. Alikumbuka kwamba mwaka wa kwanza lilikuwa likipigwa pasi na yeye, na kwamba kola yake ilikuwa ngumu kunyooka. Bado ilikuwa haijanyooka.

Tuingie maabara, msomaji, tusikawie.

Mkuu wa meza ya damu alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye ndiye pia aliyewafundisha wanafunzi mazoezi ya vitendo. Wao humwita Darubini, na yeye anajua. Afisa alimweleza shauri lote kwa sentensi nne. Darubini hakushangaa. Alivuta kiti.

"Tuanze na anayejua. Kaa."

"Mwalimu, mimi naeleweka," Profesa alisema. "Ni AB tangu mwaka wa kwanza. Ngoja mtoto afike."

"Unaeleweka kwa nani? Kaa, kijana."

Profesa alikaa. Mpiga pasi aliona kitu ambacho alikuwa amekisahau. Mkono ulipofungwa mpira na pamba ya spiriti ikapita juu ya mshipa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa maabara aligeuza uso akautazama ukuta, akafumba macho, akakunja midomo kwa ndani. Alikuwa hivyo siku zote. Mama yake hupenda kusimulia jinsi alivyoruka dirisha la darasa siku ya chanjo, akaletwa nyumbani na mwalimu mkuu akiwa na kiatu kimoja.

Darubini alijaza tyubu, akaiweka kwenye mashine ya kuzungushia. Mashine ilinguruma. Afisa alikaa kwenye stuli na mkoba wake. Mpiga pasi alisoma tangazo la kunawa mikono mwanzo hadi mwisho, kisha akalisoma tena, na hakuweza kukumbuka lilisema nini.

Darubini alidondosha damu kwenye tyubu mbili ndogo zenye dawa za kupimia, moja ya buluu ya kupima A, nyingine ya njano ya kupima B. Akazitikisa, akaziinua kwenye taa. Akazirudisha chini. Akaanza upya na tyubu nyingine mbili, bila kueleza sababu. Zilipokuwa tayari hakuzisoma yeye.

"Njoo usome."

Profesa alikwenda. Aliinua ya buluu: damu ilikuwa imeshikana vidonge vidonge. Aliinua ya njano. Damu ilikuwa laini, inateleza kama sharubati, upande huu na upande ule. Aliitikisa. Akaitikisa tena.

"Soma, tunasikiliza."

"A."

"A na nini?"

"A tupu, mwalimu."

Afisa alisogeza stuli. Alisema yeye hakusoma mambo ya tyubu, kwa hiyo aambiwe kwa lugha ya sokoni: baba wa A anaweza kuzaa mtoto wa O?

"Anaweza, mama. Wapo wengi tu mjini."

"Basi ni wake."

"Sijasema hivyo," Darubini alijibu. "Makundi ya damu hayamtaji baba. Kazi yake ni kumtoa asiyewezekana. Huyu hayajamtoa. Anayetaka zaidi ya hapo kuna kipimo kingine, tena kirefu, na si cha meza hii."

Mpiga pasi alingoja furaha ije. Nayo haikuja. Aliona tu kwamba Profesa amejishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na kwamba kucha zake zimekatwa vizuri.

Darubini hakuwa amemaliza. Mambo ya ndoa hayakumhusu, lakini kipimo cha darasani kwake kilichosoma AB kwenye damu ya A kilimhusu sana. Alitaka kujua imekuwaje. Siku ya wanafunzi kupimana, kila kigae cha kudondoshea damu hupita mbele yake. Hiki kilipitaje?

Profesa alisema hakumbuki. Ni zamani.

"Ni ile siku ya homa ya Nukta?" mpiga pasi aliuliza.

Wote walimtazama. Hakuwa amekusudia kusema. Swali lilitoka tu, kama mvuke.

Basi akaeleza, kwa sababu alishaanza. Mwaka wa kwanza, asubuhi moja, Nukta aliamka anachemka, na yeye alikuwa zamu. Alimpigia Profesa simu aende nyumbani. Profesa alipokea kwa kunong'ona, kisha akatoka nje, na wakagombana hapohapo simuni: nani aende, nani ana kazi ya maana, nani alimwambia nani azae. Ugomvi ule ulidumu mpaka salio likaisha. Anaukumbuka kwa sababu ya neno moja ambalo lilimuudhi kuliko matusi. Profesa alisema: "Nimeacha damu yangu mezani kwa ajili yako." Yeye alidhani ni majivuno tu.

Darubini aliinuka, akachukua kigae cheupe kutoka kwenye rafu, akakishika kwa ncha za vidole.

"Ulirudi ukakisoma peke yako, mimi nimeshapita?"

Profesa alikitazama kigae, si mwalimu.

"Tone likikaa linakauka. Likikauka, kingo zinajikunja, na macho ya mtoto wa mwaka wa kwanza yanaona damu imeshikana. Ndiyo maana kigae kilichochelewa hakisomwi. Kinatupwa, mtu anachomwa upya. Niliwaambia siku ya kwanza."

"Ulituambia."

"Sasa?"

Jibu lilipotoka lilikuwa la kweli, na huenda lilikuwa la kwanza la kweli asubuhi hiyo.

"Sikutaka kuchomwa tena."

Afisa aliinamisha kichwa. Kama alitabasamu, hakuna aliyeona. Mpiga pasi aliisikia sentensi hiyo ikishuka ndani yake polepole, bila kugusa kuta. Profesa alikuwa amemchoma mtoto Jumapili tatu kupata uhakika. Yeye mwenyewe alichomwa mara moja, na kilichotoka hakikusomwa sawasawa. Juu ya tone moja la damu kavu alikuwa amejenga nyumba nzima: kutolala, kumkagua mtoto masikio na kope, na pengine, mpiga pasi aliwaza sasa, hata kuondoka kwake. Aliondoka muhula uleule. Hakuwahi kusema kwa nini.

"Mpango wako wa asubuhi," Profesa alimwambia afisa, akitazama sakafu. "Nitaufuata."

"Wote?"

"Wote, mama. Posho, kumchukua shule. Na nikipata kazi."

"Ukipata kazi," afisa alirudia, kama anayeweka jiwe juu ya karatasi isipeperuke.

Hapo ndipo mambo yangekwisha. Mpiga pasi alikuwa ameshaanza kufikiria zamu ya mchana, na iwapo msimamizi wake ataamini kwamba mtu anaweza kwenda ustawi akarudi siku hiyohiyo. Lakini Darubini alikuwa bado ameshika kigae.

"Na mtoto?" aliuliza. "Nani alisema ni O?"

Alieleza shida yake bila kupandisha sauti. Kipimo cha kwanza kimeshakuwa uongo. Cha pili nacho hakijui kimetoka wapi. Mtoto mdogo hachomwi bila mzazi anayeishi naye kujua. Kama ipo zahanati mjini inayofanya hivyo, yeye anaandika barua leo, kwa hiyo atajiwe jina.

Profesa alisema amesahau jina.

"Iko mtaa gani?"

Mtaa pia ulikuwa umemtoka.

Chumba kilibadilika. Msomaji ameshaona, Darubini alikuwa anaanza kuona. Kule kwenye sinki bomba lilikuwa linadondosha maji, na afisa alinyoosha mkono akalikaza bila kumwondolea Profesa macho.

Kisha akamgeukia mpiga pasi.

"Wewe ndiye unayekaa naye. Ulijua mtoto anachomwa?"

Hapo msururu wa foronya ulirudi. Cheti, ajira, matunzo. Upande wa pili kulikuwa na kidole kidogo chenye plasta ambacho alikiosha kwa maji ya vuguvugu akanyamaza. Profesa alimtazama. Katika miaka yote hakuwahi kumtazama hivyo, hata siku ya kumposa. Alimtazama kama mtu anayesubiri tyubu ya pili iinuliwe kwenye taa.

Mpiga pasi aligusa kidole gumba kwa kidole cha shahada. Hakusikia kitu.

"Sikujua," alisema.

Ulikuwa uongo mfupi, umenyooka pande zote. Profesa alishusha pumzi. Darubini hakusema ameamini wala hajaamini. Afisa alimtazama mpiga pasi kwa muda, kisha akaingiza mkono mkobani kutafuta kalamu.

Koridoni ilisikika sauti ya bibi. Alikuwa akimweleza mtu asiyemjua kwamba magoti si yake tena, ni ya kuazima, na kwamba mwanawe hapa ni Profesa, waulizeni. Mlango ukafunguliwa. Bibi alisimama kizingitini akihema, mkono mmoja umeishika sare ya shule ya mjukuu begani, na Nukta akapenya chini ya mkono wake.

Nukta alimwona mama yake, akatabasamu. Kisha alimwona baba yake na koti jeupe, na kando yake trei yenye pamba, chupa ya spiriti na visindano vifupi vya kutobolea kidole.

Hakuna aliyemwambia kitu.

Alivua begi, akaliweka chini vizuri, limeegemea mguu wa meza. Akapanda kwenye kiti alichokuwa amekalia baba yake. Akapandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Akanyoosha kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akageuza uso akautazama ukuta, akafumba macho, akakunja midomo kwa ndani.

"Leo hiki, baba," alisema. "Kile cha Jumapili bado kinauma."

Darubini aliweka kigae mezani. Akapita mbele ya mwanafunzi wake, akapiga goti moja kando ya kiti, akakishika kidole cha Nukta chenye alama ya Jumapili, akakigeuzia kwenye mwanga wa dirisha.